Desemba Katika Chumba cha Plasta

Niliripoti kazini Voi siku ya Jumatatu, juma moja kabla ya Krismasi, nikiwa nimevaa viatu vyeupe alivyoninunulia mama. Kufikia saa nne viatu hivyo vilikuwa vimegeuka rangi ya uji. Chumba cha plasta kilikuwa mwisho wa ujia: sinki moja, meza moja ya chuma, na nje benchi refu ambalo asubuhi ile lilijaa watu walioikumbatia mikono yao kama wanaobeba watoto wachanga.

Mkuu wa chumba alikuwa fundi wa plasta wa miaka mingi, Mkamba wa Kibwezi, mtu asiyependa maneno. Hakuniuliza jina. Alinipa aproni na ndoo.

"Maji ya uvuguvugu," alisema. "Si ya moto. Ya moto yanaharakisha plasta kushika, na plasta ikishika haraka inamchoma mtu."

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mna plasta nyepesi za rangi rangi. Sisi tulikuwa na bendeji iliyopakwa unga wa jasi. Unaitumbukiza majini, unangoja viputo viishe, unaikamua kwa kuzisukuma ncha zake mbili kuelekea katikati, kisha unaizungusha juu ya pamba ambayo umekwisha kumvisha mgonjwa. Unailainisha kwa kiganja, kamwe si kwa ncha za vidole, kwa sababu kila shimo la kidole likikauka linafinya ngozi kama kokoto, na chini yake huota kidonda. Ukimaliza, vitazame vidole vyake. Vina joto? Vinacheza? Vimebadilika rangi?

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa baba wa makamo aliyetoka Mombasa kuja likizo kwao Kasigau. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa la mamake, na kifundo cha mkono kilikuwa kimeinuka kama mgongo wa uma.

"Na umri huu, baba," nikamuuliza, "ulipanda bati kutafuta nini?"

Yule mtu akatazama sakafu. Mkuu alingoja mpaka mgonjwa alipoondoka.

"Usimuulize tena mtu alipanda kwa nini," aliniambia akinawa mikono. "Aibu anayo tayari. Muulize ameanguka kutoka wapi na ametua kwa kiungo gani. Akitua kwa visigino, mpime na mgongo, hata kama analalamikia mkono tu. Nguvu ya kuanguka inapanda juu kama mafuta kwenye utambi."

Nilifanya kazi chini yake miaka sita, na kila Desemba benchi lile lilisimulia habari zilezile. Wanaume wanaoshinda ofisini mwaka mzima walikabidhiwa kisu na mbuzi, wakaja kwetu na kano za mkono wa kushoto zimekatika. Kano ni ile kamba inayouvuta mfupa. Ikikatika, kidole kinabaki kimelala hata ukikiita. Akina mama walimwagikiwa na mafuta ya chapati kwa sababu jiko la mtu mmoja lilikuwa na wapishi saba na watoto wanapita katikati. Vijana walipakia watu watatu kwenye bodaboda moja wakiwa wamekunywa. Wengine walianguka kutoka kwenye ngazi, viti, meza, matangi ya maji. Nilizoea kuwaona kama wazembe. Nasema ukweli wangu: niliwafunga vizuri, lakini moyoni niliwadharau.

Nilipopata uhamisho kwenda Taveta, nilikuwa nikijiona mjuzi. Nilimwendea Daktari Msimamizi, mama mmoja mkali aliyekuwa akisoma faili huku akikusikiliza, nikamwomba ruhusa ya kuzungumza makanisani kabla ya sikukuu.

"Watu wanaenda kanisani kusikia habari za Mwokozi," alisema bila kuinua macho. "Wewe unataka kuwahubiria ngazi?"

"Daktari, tukingoja watatujia hapa."

Akafunga faili. "Jumapili moja. Na usiwatishe."

Niliwatisha. Nilisimama mbele ya waumini wa Njukini nikawasomea orodha: msipande paa, msishike kisu, msiweke sufuria chini, msifanye hivi, msifanye vile. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mama mmoja mkulima wa maharagwe akainua mkono.

"Dada, tumekusikia. Sasa hilo paa nani atalitengeneza? Mtoto wangu anakuja siku mbili tu kwa mwaka."

"Muite fundi, mama."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia, kisha akaketi. Nilirudi Taveta nikisema watu hawafundishiki.

Miaka miwili baadaye nilirudishwa Voi, safari hii mimi mwenyewe nikiwa mkuu wa chumba. Mkesha wa Krismasi, mchana, tulikuwa wawili tu zamuni, mimi na afisa wa mifupa, kijana mpole aliyehamia kwetu mwaka uleule. Nilikuwa nimepanga kupanda milimani kwa baba yangu siku itakayofuata Krismasi, na watoto wangu wawili. Pikapu ya jirani yetu wa nyumbani ikasimama mlangoni. Niliitambua kabla sijamwona aliyelazwa nyuma juu ya godoro.

Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda.

"Usipige kelele," aliniambia. "Ni mkono tu."

Afisa akanishika bega. "Dada, toka nje. Huyu si wako kumfunga."

"Nani mwingine yuko?"

Afisa akachukua sindano. Alimdunga baba dawa ya ganzi, akauvuta mkono ukarudi mahali pake, nami nikaanza kufunga. Sijui nilikuwa nafanya nini. Nilipomaliza, afisa aliinyoshea plasta kidole. Nami nikatazama: alama za vidole vyangu vyote vinne zilikuwa zimezama ndani yake, safu moja nadhifu, kama za mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nikaikata nikaanza upya.

Ilipokuwa ikikauka, nikamuuliza, "Baba, umeanguka kutoka wapi?"

"Juu kidogo."

"Juu wapi?"

"Kwenye bati. Ngazi iliteleza."

"Nani alikuwa ameishika?"

"Aishike nani? Jirani alikuwa sokoni."

"Umetua kwa kiungo gani?"

Alivuta shuka juu ya miguu yake. Nikamvua soksi. Visigino vyote viwili vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi. Nikaupeleka mkono wangu chini ya mgongo wake, nikabonyeza polepole, na mzee ambaye sikuwahi kumwona akilia akauma shuka.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mngenilaza. Na kesho ni Krismasi, na kesho kutwa wewe unakuja na watoto."

Eksirei ilionyesha mfupa mmoja wa uti wa mgongo umebonyea. Afisa alisema kwamba kama angeruhusiwa kurudi kwa pikapu ile, kwa barabara ile ya mlimani yenye mashimo, pengine asingetembea tena.

Tulipokwisha kumlaza, nikamuuliza lile swali nililokatazwa nikiwa mpya. Sikuweza kujizuia.

"Baba, ulipanda kwa nini?"

Alisema kwa upole, bila kunilaumu. "Mara ya mwisho mvua iliwadondokea watoto kitandani. Ulicheka ukasema kwa Babu tunalala na ndoo. Nikasema mwaka huu hawatalala na ndoo."

Nilitoka nikasimama kwenye ujia. Nilikuwa nimelisema neno lile kwa utani, nikalisahau kabla ya kufika Mwatate. Yeye alikaa nalo mwaka mzima. Ndipo nilipowaona upya watu wote wa benchi lile, yule baba wa Kasigau na wenzake. Wengi wao hawakuwa wazembe. Walitaka nyumba ipendeze, mama afurahi, mgeni ale ashibe, na walikuwa na siku mbili tu za kuyafanya yote. Na yule mama wa Njukini alikuwa ameniuliza swali la kweli, nami nikamjibu kama afisa wa serikali.

Krismasi ile tuliila wodini, watoto wameketi kwenye ukingo wa kitanda. Baba alilala chali majuma mengi. Alisimama tena, namshukuru Mungu, lakini kwa mkongojo, na shambani hakurudi.

Mwaka uliofuata nilimwomba Mganga Mkuu wa hospitali ruhusa ya kwenda kuzungumza kanisani Makwasinyi, upande wa Kasigau, na safari hii nilikwenda mwezi wa Novemba. Sikubeba orodha. Niliwaeleza habari za baba yangu na za neno langu la ndoo. Kisha nikawaambia wale wenye watoto mijini: "Wakipiga simu wiki hii, waambieni kilichoharibika. Msiseme mko sawa. Fundi aje sasa, au kazi ingoje mpaka wawepo watu wawili, mmoja juu na mmoja wa kushika ngazi." Tukazungumza na mengine: mbuzi achinjwe na mwenye kuzoea, wengine washike kuni, jikoni uchorwe mstari wa majivu ambao mtoto havuki, mwenye kunywa amkabidhi dada yake ufunguo wa pikipiki kabla hajafungua chupa.

Bibi mmoja akasimama kule nyuma. "Mimi sina wa kunipigia simu. Na paa langu linavuja."

Nikamwambia kwamba sijui la kumshauri. Aliyenisaidia alikuwa kiongozi wa vijana. "Bibi, Jumamosi tutakuja," akasema. "Wanne." Na walikwenda, kwake na kwa wajane wengine wawili.

Sitawadanganya kwamba benchi letu lilibaki tupu Desemba ile. Watu walivunjika, na wengine hawakufika hospitali wakiwa hai. Ila kutoka Makwasinyi hakuja mtu wa paa. Niliendelea kwenda, Novemba baada ya Novemba, hata Taveta, hata Njukini, ambako nilimtafuta yule mama nikamwomba radhi. Alikuwa amenisahau. Alinipa mkungu wa ndizi.

Nilistaafu miaka michache iliyopita. Baba alikuwa ametangulia, kwa uzee, kitandani kwake. Siku ya kuniaga, Mganga Mkuu alisema nimefunga mifupa ya nusu ya wilaya. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nikiwafikiria niliowafunga bila kuwaheshimu.

Desemba iliyopita binti yangu alikuwa anakuja na mume wake kutoka Nairobi. Nilifua mapazia ya sebuleni, nikapanda stuli kuyarudisha. Nilikwisha kutundika upande mmoja nilipohisi stuli inacheza chini ya mguu wangu. Nyumba ilikuwa kimya, hakuna mtu. Nikashuka, nikaketi. Walifika saa tisa alasiri wakakuta pazia linaning'inia upande mmoja kama nguo iliyoanikwa vibaya, chai haijaandaliwa, na mimi nimekaa kwenye kochi.

"Mama, unaumwa?" binti yangu akauliza, mkoba ungali begani.

Nikaona haya, mimi mwanamke wa umri wangu. "Siumwi," nikasema. "Nilikuwa nakungoja unishikie stuli."

Akaniangalia, akaweka mkoba chini, akavua viatu. "Shika wewe," akasema. "Nitapanda mimi."

Nikaishika kwa mikono yote miwili.