Maji ya Chini ya Pipa

Maji yaliyokaa sana chini ya pipa yana harufu yake: kutu kidogo, udongo kidogo. Wiki jana niliisikia harufu hiyo hiyo ya udongo nikiosha tangi letu la plastiki hapa Syokimau, na mikono ikasita yenyewe. Mimi mtu mzima, mwenye kazi, mume na mtoto, nilishindwa kumwaga maji ya mwisho. Msinicheke kabla hamjasikia.

Kwetu ni nje ya Matuu, mbali na mfereji. Maji tuliyachota kwenye mashimo ya mchanga mtoni, punda akayaleta nyumbani. Pipa letu la chuma lilikaa nyuma ya jikoni, na ndani yake, vidole vinne kutoka chini, mama alikuwa amekwaruza alama kwa msumari. Chini ya alama hiyo hakuna aliyechota. Nilipouliza sababu, alinijibu bila hata kuacha kupepeta mbaazi kwamba hayo ndiyo yanayoita mengine. Nikaamini. Nilizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana naitwa Mumbua, kwa hiyo mambo ya mvua niliyaona kama yangu binafsi.

Nikiwa na miaka minane, mwezi wa nane, nilichaguliwa kukariri shairi mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Soksi zangu nyeupe zilikuwa za rangi ya barabara. Pipa lilikuwa limefika kwenye alama, punda bado yuko mtoni. Nikaliinamisha, nikachota yote mpaka kopo likakwaruza chuma. Soksi zenyewe zilitoka mbaya kuliko zilivyoingia. Hilo peke yake lingenifumbua macho, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kutazama mbingu.

Mvua ya mwisho wa mwaka haikuja. Mahindi tuliyopanda katika vumbi hayakuota, na punda wetu akalala njiani siku moja asiinuke tena. Kanisani mhubiri akasema kuna dhambi iliyofichwa miongoni mwetu iliyofunga mbingu, na aliye nayo asimame. Wanawake walilia. Mimi nilikaza mgongo kwenye benchi, nikamtazama usoni, nikakataa kusimama. Yeye sikumwogopa. Niliyeshindwa kumtazama ni mama, ambaye siku hizo alikuwa anatoka alfajiri kwenda mtoni na kurudi na mtungi mgongoni, kamba ikimkata kipaji cha uso.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha, lakini mimi sikujisamehe. Kila nyumba niliyoishi, sijawahi kumaliza maji ya ndoo. Mume wangu husema nimeolewa na ndoo kwanza, yeye akafuata.

Basi wiki jana mama, ambaye amekuja kukaa nasi, alinikuta uani nimeinama juu ya tangi kama mtu aliyepotelewa na pete. Aliniuliza kuna nini. Nikamwambia yote, soksi, pipa na punda. Alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya ndoo.

“Yalikuwa ni matope, Mumbua. Ningewapikia matope?”

“Na ile ya kuita mengine?”

“Ulikuwa unauliza sana, na mimi niko na kazi.”

Hapo nilikasirika, na siombi radhi kwa hasira hiyo. Nilimwambia habari ya benchi la kanisa, na kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini niliamini ni mimi niliyemtwika ule mtungi. Kicheko kikamwisha. Akashika kipaji chake, pale kamba ilipokuwa ikipita, akasema kwa sauti ndogo kwamba ningemwambia tangu wakati ule. Ningemwambiaje? Neno lake ndilo nililokuwa nimelivunja.

Wakati huo binti yangu Ndinda, mwenye miaka saba, akaja na sabuni mkononi. Akauliza kwa nini hayo maji hatuyamwagi. Mama, kwa mazoea tu, alifungua mdomo.

“Hayo ndiyo yanayoita—”

“Mwaitu, hapana,” nilisema, nikimwita mama kwa Kikamba.

Sikuwa nimewahi kumkata mama maneno maishani mwangu. Hata hivyo niliendelea. Nilimwambia Ndinda kwamba ni matope, kwamba mtu akiyachota atachafua soksi, na kwamba mvua haijui ni nani aliyechota wala haimkasirikii mtoto yeyote. Akasema sawa, akaenda kucheza na povu. Jambo zima lilichukua muda mfupi kuliko kupepeta ungo mmoja wa mbaazi.

Mama akainuka, akashika upande mmoja wa tangi, mimi nikashika wa pili, tukayamwaga yote kwenye sukuma wiki.

Ndoo ya jikoni bado siimalizi. Mkono umezoea, na mume wangu acheke mpaka achoke. Lakini katika nyumba hii mtoto akiuliza kwa nini, anajibiwa.