Jembe na Nyumba Kwenye Majivu ya Bibi

Uchaguzi uliopita nilipiga kura hapa Songea mjini, na nikachelewa kidogo ndani ya kituturi. Niliipenda tu ile karatasi. Picha za wagombea zina rangi, na pembeni ya kila mmoja kuna nembo ya chama chake, ndogo, safi. Kijana aliyekuwa akisubiri zamu alikohoa kuniharakisha. Angejua nilikuwa wapi angenisamehe. Kimawazo nilikuwa kijijini Maposeni, jikoni kwa bibi, nimechuchumaa mbele ya majivu.

Kama umezaliwa juzi, ngoja nikueleze. Nilipokuwa mtoto chama kilikuwa kimoja, na wagombea ubunge wawili walitoka humo humo. Nembo ya chama isingewatofautisha, kwa hiyo mmoja alipewa picha ya jembe na mwingine picha ya nyumba. Asiyejua kusoma alitazama picha, basi. Aliyebuni jambo hilo simjui, lakini namheshimu mpaka leo. Kampeni nzima iligeuka utani. Mashineni, wakingoja mahindi yao yasagwe, watu walirushiana maneno: "Nyie wa nyumba mtalala njaa!" Na wenzao: "Nyie wa jembe mtanyeshewa!"

Bibi hakucheka sana. Alikuwa mjane, na katika uchaguzi wa kabla ya huo babu mdogo, yaani mdogo wa marehemu babu, aliingia naye kituturini kumsaidia kwa kuwa hajui kusoma. Akaichukua karatasi, akaweka alama mwenyewe. Njiani akajisifu: "Leo nimepiga mara mbili!" Bibi aliniambia jambo hilo akichambua maharage, bila kuinua macho. "Walinipa karatasi yangu, mjukuu wangu. Ikaingia sandukuni bila alama yangu."

Safari hii alitaka kuingia peke yake. Picha hazikumtisha. Kilichomtisha ni kalamu, maana hakuwahi kuishika. Jirani yetu mwalimu, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alikuwa amemweleza kwamba alama ikigusa picha zote mbili, kura imeharibika.

Basi kila jioni, ugali ukishaliwa na moto ukififia, nilisambaza majivu na kuchora jembe huku, nyumba kule. Bibi alishika kijiti na kujaribu alama ya vema. Mwanzoni mkia wa alama yake ulitoka kwenye jembe ukaenda kuparua paa la nyumba. Alifuta kwa kiganja, akaanza upya. Mwalimu alipopita kuomba moto alichungulia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone ninavyobomoa nyumba ya watu."

Mwalimu akacheka, akachomoa kalamu mfukoni na kumpa. "Usiikamue, bibi. Ni nyepesi kuliko mwiko."

Siku ya kura ilifika wakati wa kuandaa mashamba, kijiji kizima kikinuka moshi wa mabua. Nilimsindikiza hadi mlango wa darasa lililokuwa kituo. Babu mdogo alikuwa ameshatutangulia, kavaa koti.

"Shemeji, twende wote. Usije ukaharibu karatasi."

Bibi alimpita. Karani, kwa upole, akamuuliza kama anahitaji msaidizi, kama anazitambua picha.

"Mwanangu, jembe nimelishika kabla hujazaliwa. Na nyumba ninayolala niliikandika mwenyewe. Nipe karatasi."

Foleni nzima iliangua kicheko. Babu mdogo akabaki nje nami, anavuta kola ya koti lake. Bibi alikaa ndani muda mrefu, mpaka nikaanza kuuma kucha. Alipotoka, kidole chake kina wino, alitembea kama mtu aliyetua kuni.

Njia nzima babu mdogo hakunyamaza.

"Shemeji, jembe au nyumba?"

"Nimepiga."

"Najua umepiga! Ipi?"

"Ile niliyoitaka."

Jioni ile bibi alisambaza majivu mwenyewe, akachora jembe na nyumba, vikiwa vimepinda kidogo, halafu akaweka alama moja, ndogo na safi. "Niliiweka hivi," alisema. Nilipoinama kuangalia ilikuwa chini ya picha ipi, kiganja chake kilikuwa kimeshapita.

Jembe na nyumba vimeondoka kwenye karatasi za kura, na nembo za vyama zimechukua kazi ile ile ya kumfungulia mlango asiyejua kusoma. Bibi hayupo. Jiko lile limeanguka, nami napikia gesi, isiyoacha majivu. Kwa hiyo niliporudi kutoka kituoni na mjukuu wangu akataka kujua nilichokuwa nikitabasamia, nilitandaza unga kidogo mezani, nikamchorea jembe na nyumba, nikamsimulia.

"Sasa yeye alipiga ipi?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. Lilijua lile sanduku la kura, na alijua bibi, basi.