Viazi Vilivyooshwa

"Nani ameingia stoo na jicho baya?" Susu, mamake baba, aliniuliza nilipokuwa mtoto. Asubuhi hii kiazi kimoja kimeoza chini ya sinki yangu, na harufu yake imenirudishia swali hilo.

Tulikuwa tumevuna viazi huko Kilungu, vya kula na vya mbegu. Susu alitaka vioshwe kwanza, kwa sababu nyumba yake si ya kuingiza matope. Mimi na mama tuliviosha kwenye karai, tukavijaza magunia vikiwa bado na maji. Wiki chache baadaye magunia yalilowa, yakatoa ute ulionata vidoleni.

"Ni wewe," Susu alimwambia mama mbele ya majirani. "Tangu uolewe hapa, hata kuku wangu hawatagi!"

Mtu alicheka. Mama aliendelea kuchambua viazi vilivyobaki. Siku hiyo alinyang'anywa ufunguo wa stoo, na tangu hapo tulipimiwa chakula kwa kikombe.

Chuoni nilisoma kwamba kiazi kikihifadhiwa kikiwa na unyevu huoza. Nikampigia mama simu, nikidhani ni habari njema.

"Najua," alisema. "Kwetu nilikozaliwa hatukuwa tukiosha viazi vya kuweka. Nilijua hata siku ile tulipokuwa tukiviosha."