Gari la Kumbeba Mama

Kaka yangu ni mnunuzi wa almasi Maganzo, na sijaona mtu mgumu wa kununua kama yeye. Mchimbaji akimletea kijiwe kidogo kuliko punje ya mtama, atakigeuza juani asubuhi nzima. Atakitazama kwa lenzi, atakipulizia pumzi aone ukungu unakaa au unakimbia kama kwenye almasi ya kweli, atamrudishia mwenyewe kwa dharau, atakunywa chai, kisha atakiomba tena. Wachimbaji wanamchukia kwa hilo na wanamheshimu kwa hilo hilo. Mtu huyo ndiye aliyenunua gari kwa sababu rangi yake haikuwa na ufa.

Nieleze kwanza gari lilikuwa la nini. Mama yetu aliteleza uani akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya, na tangu hapo kila mtikisiko unamchoma. Alikuwa akiishi nami Ushirombo, nyuma ya duka langu la vifaa vya ujenzi. Bodaboda ilikuwa haiwezekani kwake, ngazi za basi hazipandi, na teksi tuliyojaribu ilimrudisha nyumbani akilia. Dada yake, mama yetu mkubwa, yuko Maganzo na macho yamemwisha. Hawakuwa wameonana tangu mama aanguke. Mama si mtu wa kuomba vitu. Aliomba hicho kimoja tu, apelekwe kwa dada yake wakiwa wote hai, akae kidogo, arudishwe. Kaka akaapa kununua gari ambalo mama atakaa ndani yake kama amekaa kitandani. Kazi ya gari ilikuwa hiyo, na hakuna kati yetu asiyeijua.

Angeweza kununua gari la Kijapani lililotumika, kama watu wenye akili. Mafundi wa Kahama wanayajua magari hayo kama wanavyojua majina ya watoto wao. Lakini kaka alitaka jipya kabisa, la juu, ambalo hakuna mwingine analo kuanzia Tinde hadi Geita. Hilo la mwisho alilisema kama sifa. Mimi nilisikia onyo. Gari ambalo hakuna aliyelitumia ni gari ambalo halijaonja masika hata moja, na wewe ndiye utakayelionjesha, kwa nyonga ya mama yako.

Lilizinduliwa Kahama, uwanjani, kwa mahema meupe na muziki wa kuziba masikio. Kulikuwa na mshereheshaji, keki yenye umbo la gari, utepe mwekundu, na wasichana waliopangwa pembeni ya boneti wakitabasamu huku wakipigwa na jua. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilikuwa kimejitembeza hadi kimeletewa keki.

Kaka alikuja na wenzake wawili wa Maganzo, wanunuzi kama yeye. Wakatoa lenzi. Nasema kweli, watu wazima watatu waliinama juu ya boneti, jicho moja limefumbwa, wakikagua rangi kana kwamba wamewekewa jiwe. Mmoja akaipulizia. Ukungu ukakimbia haraka, wakatazamana na kuitikia kwa vichwa, kwa heshima. Kaka akapitisha kidole kwenye taa, akaangalia ndani yake dhidi ya jua, akasema, "Safi. Haina doa." Kisha wakapanda wote watatu mbele, wakibanana, wakawa wanafungua na kufunga paa la kioo na kugusa skrini kubwa iliyosimama kama televisheni ya sebuleni. Hakuna aliyekaa nyuma. Mama angekaa wapi, juu ya skrini?

Mimi nauza mabati. Sijui gari, lakini chuma chembamba nakijua kwa sauti. Niligonga mlango kwa kidole, ukalia kama lile bati ninalowauzia watu wa mabanda ya kuku, na ambalo nawakataza kuezekea nyumba. Nikaweka kiganja kwenye boneti, ikabonyea na kurudi. Nikafungua mlango wa nyuma, raba yake ikaanza kunifuata mkononi. Nikaufunga, haukukamata. Nikaubamiza, ndipo ukakubali. Nikakaa kwenye siti ya nyuma na kuikandamiza kwa makalio, nikagusa ubao. Matairi yalikuwa na ubavu mwembamba, yamevishwa rimu kubwa za kung'aa, na mtu yeyote aliyewahi kupita barabara zetu anajua tairi la namna hiyo huliacha shimo lipande hadi kiunoni.

Kijana wa mauzo alikuwa na suti ya kubana na viatu visivyo na soksi. Akaniamkia vizuri, hilo nampa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mlango mwepesi hivi?"

"Hiyo ndiyo teknolojia ya sasa, mama. Bodi nyepesi, mafuta kidogo."

"Na springi za nyuma? Nina mgonjwa wa nyonga."

"Mama, hili gari unaongea nalo! Ukiliambia nasikia joto, linawasha kiyoyozi lenyewe."

Nikamwambia mama yangu hana cha kuongea na gari. Akacheka kwa adabu na kurudi kwa kaka, kwa sababu alikwisha jua nani ana pesa na nani ana maswali.

Nilimvuta kaka pembeni nikamwambia uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Alinitazama vile anavyomtazama mchimbaji aliyeleta kipande cha chupa. "Wewe rudi kwenye misumari yako," akasema. "Mama ndiye atakayelipanda. Tumuulize mama."

Na hapo ndipo walipofanya kosa ambalo sijui kama watu wa mahali pengine wangelifanya. Walilileta gari hadi Ushirombo, kijana wa mauzo akiwa kwenye usukani, wakampandisha mama kwa mito miwili, wakampitisha kwenye lami laini mbele ya kanisa, polepole, mwendo wa maandamano ya Mwili wa Kristo. Majirani wakatoka nje kushangilia. Waliporudi, kaka akafungua mlango, na mbele ya mgeni, mbele ya majirani, mbele ya watoto waliokuwa wakijitazama kwenye rangi, akauliza, "Mama, unaonaje?"

Sasa niambie, mama wa Kisukuma aliyelelewa akalelewa, atamwambia nini mwanawe wa kwanza, mgeni akiwa amesimama pale? Kwetu zawadi ya mtoto haitiwi kasoro mbele ya mgeni. Ukipewa kuku amekonda, unashukuru kwa kuku. Niliona alivyokuwa ameng'ata mdomo wa chini. Niliona mkono ulivyokuwa umeikamata rozari kama mtu aliyeshika kamba ya kisima. Akashuka taratibu, akanyoosha kitenge, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, baba. Gari ni zuri."

"Umesikia?" kaka akaniambia. "Mama mwenyewe amesema."

Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Mtu anayemkamua mchimbaji maswali mpaka anamtoa jasho, alimuuliza mama yake swali lenye jibu moja, akalipokea kama hati ya maabara.

Akalinunua. Wiki haikuisha, akaja kutuchukua kwenda Maganzo. Nilikaa nyuma na mama nikimshikilia kiuno. Njia ya kutoka kwetu hadi lami ina mawe, na kwenye jiwe la kwanza kitu kikaanza kugonga ndani ya mlango. Kwenye la pili, kipande cha plastiki juu ya dirisha kiliachia na kuning'inia. Kaka akaongeza muziki. Tulipofika lami nikadhani tumepona, nikasahau matuta. Kila kijiji kati ya Ushirombo na Shinyanga kina matuta yake, madogo madogo yaliyopangwa mfululizo kwa ajili ya malori ya Rwanda, na gari lile liliyahesabu yote moja baada ya jingine na kutuletea hesabu mgongoni. Skrini ikatuandikia kwamba safari ni ya starehe. Mama hakulia. Alisali kwa sauti ya chini, na kila tuta lilimkata katikati ya Salamu Maria, akaanza upya.

"Mko sawa huko nyuma?" kaka akauliza kule Tinde.

"Tuko sawa, baba," mama akajibu.

Nilimwona kaka kwenye kioo akitabasamu peke yake. Nilitamani kumpiga.

Maganzo, mama mkubwa alikuwa ameketi barazani akisubiri sauti. Mama aliposhushwa, hakuweza kusimama, tukamweka kwenye mkeka kando ya dada yake. Mama mkubwa akampapasa uso kwa mikono yote miwili, paji, mashavu, kidevu, akasema, "Umekonda," na mama akasema, "Na wewe umezeeka," wakacheka hadi wakatokwa na machozi. Nilimsamehe kaka kwa dakika chache pale. Siwezi kukataa kwamba alimfikisha.

Siku ya kurudi ilipofika, kaka alilisafisha gari mwenyewe, akalileta hadi barazani, akafungua mlango wa nyuma na kupanga mito. Safari hii hapakuwa na mgeni wala majirani, tulikuwa sisi tu. Mama hakuinuka mkekani.

"Mama, twende, jua litatuwakia," kaka akasema.

"Nendeni salama."

"Si tunakurudisha nyumbani?"

"Nyumbani ni hapa sasa. Mimi nimefika, baba. Katika hilo sipandi tena hadi nikiwa sisikii maumivu, na siku hiyo mtanibeba mnavyotaka."

Kaka alisimama ameushika mlango. Mama akamtazama kwa huruma, kisha akasema, "Funga mlango, baba, vumbi linaingia kwenye gari lako."

Nilimsihi. Nilimwambia nitatafuta gari jingine, hata lori, nitalijaza magodoro. Alinishika mkono akaniambia mfupa hauzoei maumivu, hata gari liwe lipi. Nilirudi Ushirombo peke yangu kwa basi, nikafungua nyumba jioni, nikaingia nikiwa nimeshafumbua mdomo, na ndipo nikajua sina tena mtu wa kumpa shikamoo.