Mgongo wa Neema na mafuta yangu ya kondoo

Issuna nzima hakuna mfupa uliowahi kunishinda. Anayebisha aandike hapa chini.

Leo nimempeleka Neema, binti wa dada yangu, hospitali ya mjini. Bega moja limepanda, nyonga nayo imelala upande.
Mafuta ya kondoo nilikuwa nayo mfukoni, nimkande na kumvuta mwenyewe wakishindwa.

Daktari akamwambia ainame, kisha akapigwa picha. Uti wa mgongo umepinda kweli.

"Mzee, usimvute kabisa. Bado anakua, atavaa mkanda mgumu ili usizidi kupinda."

Neema akauliza, "Netiboli je, nitacheza?"

"Utacheza."

Jamani, mtoto hakutoa hata chozi. Aliyefutwa machozi kwa kanga pale koridoni ni mimi.