Pete Chini ya Maharage

Jirani yangu, fundi redio mstaafu, ana mashine ya kutafutia vyuma, na huwatafutia watu vitu vyao bila kudai chochote. Majuzi nilimsindikiza hadi kijiji cha Mbuji. Mama mmoja wa huko alikuwa amepoteza pete ya ndoa shambani, na Jumapili iliyofuata yeye na mumewe walikuwa na jubilei ya ndoa kanisani.

Shamba lilikuwa la ngoro, yale mashimo ya Wamatengo: unalaza nyasi, unazifukia kwa udongo wa mashimo hadi yainuke matuta, kisha unapanda juu yake. Pete ilimchomoka wakati wa kufukia.

Mashine ililia kwenye tuta moja. Fundi akapitisha tena, ikalia palepale. Mume akanyanyua jembe.

"Acha," mama akasema. "Maharage yana maua."

"Sasa Jumapili Padri atabariki nini?"

"Atabariki kidole." Akavunja kijiti, akakichomeka pale mashine ilipolilia. "Tutaichukua tukivuna."

Nikamuuliza, je, kama ni kipande cha jembe? Akanitazama kama mgeni nisiyejua kulima. "Basi tutakuwa tumevuna maharage."

Tulirudi mikono mitupu, fundi akipiga mluzi njia nzima kama mtu aliyefaulu.

Jumapili nilikwenda kanisani. Padri aliutazama mkono wa mama, akauliza pete iko wapi. Aliyejibu ni mume, kichwa juu.

"Shambani, Padri. Maharage yana maua."

Tangu siku hiyo, nikikutana na mtu wa Mbuji kwanza namuuliza kama maharage yamevunwa, ndipo bei ya kahawa yao.