Saa Nane Wachana

Mwone anavyoingia dukani: funguo mdomoni, mkoba begani, na kabla hajakaa ameshaiwasha kompyuta kwa kidole cha mguu. Ndiye Dada Vitufe, mpiga chapa wa duka la kadi pale kona. Programu yake ya kuandikia ni ya kujipangia: unaitungia amri, inatii. Yeye ameipangia ikapangika. Akigonga herufi mbili, yenyewe inamalizia sentensi. Wenzake hawaigusi, wanasema ina mwenyewe, kama jini.

Siku hiyo kazi ilikuwa ya nyumbani, kadi za harusi ya mdogo wake. Shangazi wa bwana harusi alikuja kukagua ya kwanza, na bila yeye kuridhika, upande wa mume haugawi hata moja. Akavaa miwani. Akaivua.

"Mwanangu, 'Watafunga ndoa saa nane wachana'? Hata viti havijapata joto, washaachana?"

"Mchana, Shangazi! Niliandika mchana!"

"Na hapa, 'Wanakaribishwa nyote.' Wanakaribishwa kina nani? Kama hamtutaki semeni, tumchukue kijana wetu twende zetu."

Mbona kwenye kioo cha kompyuta maneno yalikuwa sawa? Dada Vitufe akafungua faili la mipangilio. Akazima nusu ya amri zake, akachapa. Kosa lipo. Akaziwasha, akazima nusu ya pili. Kosa limetoweka! Basi akaigawa hiyo nayo, nusu kwa nusu, kama anayesaka kiroboto kwenye blanketi, Shangazi akimhemea shingoni.

"Huyu hapa!"

Ilikuwa amri aliyoitunga juzi kwa tangazo la wafugaji: neno likianza na m na konsonanti, liwe la wengi. Mfugaji, wafugaji. Mteja, wateja. Akasahau kuifungia kwenye tangazo lile, nayo ikawa inapita kimyakimya kila anapohifadhi kazi. Ikakutana na mchana, ikaudhani mtu, ikamzidisha. Ikakutana na mnakaribishwa, ikafanya vilevile.

Akaiwekea mpaka: isiguse neno mpaka iitwe. Akahifadhi, akachapa. Mchana ukawa mchana, na wote wakakaribishwa.

Shangazi akasoma, akacheka hadi miwani ikadondoka. "Haya, chapeni. Nilidhani mmetuchoka kabla hamjatuzoea." Lakini ile kadi mbovu akaikunja, akaitia pochini. "Hii nitawasomea wageni ukumbini."

Bibi harusi hana habari. Ungekuwa wewe ndiye dada mtu, ungemnong'oneza mapema, au ungemwacha acheke pamoja na ukumbi mzima?